Kambini kabla ya ubingwa, katikati au baada yake: daktari wa Pwani achague lipi?

Madaktari wanagenzi wa Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara kama wenyeji tunavyoiita, wanapokaribia kumaliza mwaka wao huwa na maswali mawili. La kwanza ni ajira itatoka wapi. La pili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni tamaa isiyo na adabu: mtu akitaka kwenda kufanya kazi ya kibinadamu nje, Sudan Kusini, Yemen, Chad au Kongo, aende lini? Kabla ya kusomea ubingwa, katikati ya masomo, au asubiri mpaka amalize?

Majibu ya koridoni huwa mepesi. Wakubwa wa kazi husema maliza kwanza. Waliorudi juzijuzi husema nenda sasa, kabla hujafungwa na ndoa, mkopo na karo za watoto. Kila mmoja anasimulia maisha yake. Mimi hupima nafasi yoyote kwa swali moja: hali ya mgonjwa ikibadilika saa nane usiku, unaweza kufanya nini peke yako, na kuna nani wa kumpigia simu? Mshahara, viza na ruhusa ya kaunti vinakuja baadaye, ingawa navyo, kama tutakavyoona, vimewahi kuvunja mipango mizuri.

Baada ya uanagenzi, kabla ya MMed (shahada ya ubingwa)

Mlango huu haufunguki siku unayopokea cheti cha usajili, na hilo huwashangaza wengi. Umesoma miaka 6 hivi chuoni, umezunguka mwaka mzima wodi ya watu wazima, ya watoto, ya uzazi na ya upasuaji, na Baraza la Madaktari, KMPDC, limekusajili. Kwa MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, bado hujafika. Kwa kawaida wanataka daktari mwenye angalau miaka 2 ya kazi baada ya hapo. Tena mkataba wa kwanza wa daktari asiye bingwa ni wa miezi mingi, mara nyingi 6 hadi 12, kwa hiyo ukijumlisha unaona kwamba njia hii inachukua karibu miaka 3 tangu uvue koti la uanagenzi mpaka urudi nyumbani.

Yapo mashirika madogo yanayochukua watu mapema zaidi. Hapo ndipo ninapowaambia wadogo zangu wakanyage breki. Shirika linalompeleka daktari mchanga mahali pasipo na mkubwa wa kumwongoza halimfanyii hisani yeye wala mgonjwa.

Chukua mfano wa kipindupindu, ugonjwa ambao sisi wa Pwani hatuhitaji kuuendea mbali. Analetwa mtoto wa miaka 3, kilo 12, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta haitaki kurudi, mapigo ya mkononi hayashikiki. Mwongozo unaujua kwa moyo: mililita 100 za maji ya dripu ya Ringer kwa kila kilo kwa muda wa saa 3. Kwa mtoto huyu ni 360 ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha 840 kwa saa mbili na nusu zinazobaki. Mwanagenzi yeyote wa Makadara anaweza kupiga hesabu hiyo akiwa amesinzia. Lakini mtoto wa kambini, ukimzungushia utepe wa kupima mkono, mara nyingi huangukia kwenye rangi nyekundu, chini ya sentimita 11.5. Maana yake ana utapiamlo mkali, na macho yaliyozama na ngozi inayovutika vyaweza kuwa ni njaa, si maji tu. Ukimmiminia dripu ile ile kwa kasi ile ile unaweza kuujaza moyo na mapafu yake maji, na ukamzika kabla ya alfajiri. Ukimpa kidogo mno, kipindupindu kinamchukua. Uamuzi huo hufanywa kwa kusimama kitandani, kuhesabu pumzi, kugusa ini, kupunguza au kuongeza, kisha kurudia. Anayeufanya vizuri ni yule aliyekwisha kuufanya mara nyingi mbele ya mtu anayejua zaidi yake.

Ndiyo maana miaka 2 ile si urasimu. Muhimu ni wapi unaipitisha. Miaka 2 ya zamu za usiku katika kliniki ya kibinafsi ya Nyali, ukitibu mafua, shinikizo la damu na watalii waliochomwa na jua, inahesabika kwenye karatasi kama miaka 2. Haifanani hata kidogo na miaka 2 ya Msambweni, Kilifi, Hola au Lamu, ambako usiku mmoja unaweza kumfanyia mama upasuaji wa kujifungua, kumpulizia pumzi kichanga asiyelia, na kumwongeza damu mtoto aliyekaushwa na malaria. Kambi inataka huyu wa pili. Kama bado hujapangiwa kituo na una nafasi ya kuchagua, chagua hospitali yenye wagonjwa wengi na wakubwa wachache, ila si ile isiyo na mkubwa kabisa.

Na hapa daktari wa Kenya ana mtaji ambao hujisahau kuuthamini. Mwenzake wa Uingereza mwenye umri wa kazi kama wake huenda hajawahi kumpasua mama mjamzito kwa mkono wake, kwa sababu kule kazi hiyo ni ya wanaosomea uzazi. Ndugu zetu walioko kule hutuambia walivyoshangaa kuona wenzao wakilipia kozi za magonjwa ya kitropiki ili wajifunze mambo ambayo sisi tuliyakuta wodini bila kuomba. Hizo kozi ni nzuri, sizibezi. Shule za Liverpool na London zimekuwa zikifundisha tiba hiyo tangu mwisho wa karne ya 19, na ipo diploma ya miezi 3 inayofundishwa Moshi na Kampala kwa ushirikiano na ile ya London. Lakini kwa MO, yaani daktari asiye bingwa, aliyetoka Kilifi mimi ningesema pesa hizo zitie kwenye Kifaransa. Nitaeleza.

Gharama kubwa ya njia hii si mshahara, ni kiti. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, mwajiri wako ni kaunti, na nafasi za kudumu zenye pensheni hazitangazwi kila Jumatatu. Asiyekuwepo na lake halipo. Ukijiuzulu ili uende Sudan Kusini, ukarudi ukakuta kaunti imesimamisha kuajiri, utaanza tena na vibarua vya zamu. Na ubaya wa pili unatokana na huo wa kwanza: udhamini wa masomo ya ubingwa hupewa aliyeajiriwa. Kwa hiyo daktari anayeondoka kwa kujiuzulu huenda anauza, bila kujua, tiketi yake ya kusomeshwa kwa mshahara. Likizo bila malipo ni jambo jingine kabisa. Inaombwa, inakubaliwa au kukataliwa kwa maandishi, na kiti kinabaki chako.

Wengine hufikiri kwamba kazi ya kambini itawapendezea wanaochagua wanafunzi wa MMed. Isiwe ndiyo sababu yako. Chuo kitaangalia alama, uzoefu, barua za wakubwa wako na nani analipa. Faida yake utaiona wodini baadaye, utakapokuwa mtu asiyebabaika umeme ukizimika mgonjwa akiwa mezani.

Katikati ya masomo ya ubingwa

Hapa ulinganisho na Uingereza unasaidia, maana ndiko mpango huu ulikotiwa kwenye kanuni. Kule daktari akimaliza chuo hupitia mafunzo ya msingi ya miaka 2, na wengi husimama hapo mwaka mmoja kabla ya kuomba nafasi ya ubingwa. Huo mwaka wameupa jina kabisa, wanauita mwaka wa tatu ingawa haumo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Aliyekwisha kuingia kwenye ubingwa naye anaweza kuomba kutoka kwa muda, akapewa ruhusa na mkuu wa mafunzo wa eneo lake, akaenda, akarudi akakuta namba yake ya mafunzo inamngoja. Muda huo huwa hauhesabiwi kwenye miaka ya ubingwa isipokuwa umeidhinishwa mapema, lakini kiti hakipotei.

Kama wewe ni mtu wa Mombasa uliyevuka mitihani ya PLAB, ile ya madaktari waliosomea nje ya Uingereza, na uko huko kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri, kuna jambo moja usiliache lipite. Mfanyakazi wa viza hiyo akikaa zaidi ya wiki 4 kwa mwaka bila malipo, mwajiri hutakiwa kuacha kumdhamini. Kanuni hiyo ina mambo machache yaliyotolewa nje yake, na mojawapo ni kwenda kusaidia katika janga la kibinadamu nje ya nchi, mwajiri akiwa amekubali. Watu wamekata tamaa ya kwenda kwa kuogopa viza wakati kanuni yenyewe imewaachia upenyo. Ipate barua ya mwajiri inayotaja sababu hiyo waziwazi, usiondoke kwa maneno ya mdomo.

Sasa rudi Kenya. MMed yetu ni shahada ya chuo kikuu, miaka 3 hadi 5 kulingana na fani, na wewe ni mwanafunzi hata kama unabeba wodi nzima mabegani. Kuahirisha masomo kunawezekana, ila aliyekupa likizo ya masomo yenye mshahara ni kaunti au wizara, na mshahara ule ni wa kusoma. Juu yake kuna mkataba wa kuitumikia serikali ukishamaliza. Ukiahirisha mwaka mzima ukaenda Yemen, umewakosea wawili kwa mpigo, chuo na mwajiri, na ukirudi darasa lako limekwisha kukupita. Wenzako ndio waliokuwa wakigawana nawe zamu. Sasa utagawana na wageni. Sijaona mtu niliyemshauri kuchukua njia hii, na sitazamii kumwona. Kati ya zote, hii ndiyo ninayoiweka mwisho kwa anayesomea hapa nyumbani.

Isipokuwa kwa wapasuaji wanaopitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha. Masomo yao yamekatwa mara mbili. Kuna miaka 2 ya mwanzo inayoishia kwenye mtihani wa uanachama, kisha miaka 3 ya fani yenyewe. Kwenye kiungo hicho pana nafasi ya kupumua. Umeshapata cheti cha kwanza, hujajifunga na cha pili, na mikono yako inajua tumbo na mifupa kuliko ya MO. Ubaya ni daftari la upasuaji. Operesheni zako zinahitaji kuandikwa na kushuhudiwa na mkufunzi anayetambuliwa, na za kambini huenda zisiingie. Utarudi umekuwa hodari zaidi, na daftari lako liko pale pale ulipoliacha.

Kuna njia ya pembeni ambayo haivunji ratiba ya mtu: tasnifu. Kila mwanafunzi wa MMed lazima aandike moja. Badala ya kuhesabu kwa mara ya mia wagonjwa wa kisukari wa kliniki ya Jumanne, unaweza kuchukua swali la watoto wachanga wa kambi ya wakimbizi, ukaomba kibali cha maadili na kile cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ukakaa kule wiki kadhaa ukikusanya data. Si kazi ya kibinadamu kwa maana kamili. Lakini utaijua kambi, nao watakujua.

Baada ya kumaliza

Kwa mpasuaji, daktari wa nusukaputi na daktari wa uzazi, mimi sioni mjadala: maliza. Sababu ya kwanza ni ile ya saa nane usiku. Mpasuaji wa kambini mara nyingi ni mmoja, na risasi haichagui fani. Sababu ya pili inawapendeza wenye familia. Kwa kuwa mabingwa hawa ni adimu na kazi yao inachosha, mashirika huwakubali kwa muda mfupi, wiki chache hadi miezi 3 hivi. Mtumishi wa umma mwenye likizo ya mwaka, akiongezewa siku za bila malipo, anaweza kwenda na kurudi bila kupoteza chochote. MO hawezi kupata mkataba wa namna hiyo.

Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ICRC, ndio wenye mila ndefu zaidi ya upasuaji wa vita, na sehemu ya historia hiyo iko ndani ya mipaka yetu. Kuanzia 1987 hadi 2006 waliendesha hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini ya Turkana, wakiwapokea majeruhi wa vita vya Sudan waliovushwa kwa ndege. Masomo yaliyopatikana katika hospitali za aina ile ndiyo wanayofundisha hadi leo: kidonda cha risasi usikishone siku ya kwanza, kisafishe, ondoa nyama iliyokufa, kiache wazi, ukifunge baada ya siku kadhaa. Bingwa aliyezoea vidonda safi vya thieta ya mjini huona vigumu kukiacha kidonda cha mguu wazi, na huo ndio mtihani wake wa kwanza.

Hapa kuna mtego ambao wanafunzi hawaambiwi. Kadiri ubingwa unavyozidi kuchongeka, ndivyo kambi inavyozidi kukuhitaji kidogo. Anayetakiwa ni mpasuaji wa jumla anayeweza kufungua tumbo, kumtoa mtoto kwa upasuaji, kutibu majeraha ya moto na kunyoosha paja lililovunjika. Bingwa wa njia ya mkojo aliyeacha vyote hivyo miaka 6 iliyopita ni mgeni tu kule. Kwa hiyo kama unajua unataka kwenda baada ya kumaliza, usikubali kuupoteza upana wako ukiwa bado mwanafunzi. Zamu za uzazi ambazo wenzako wanazikimbia zichukue wewe.

Kwa daktari wa watoto na wa tiba ya ndani picha ni tofauti. Wao huombwa kukaa muda mrefu zaidi, na mchango wao mkubwa ni kufundisha na kusimamia, si kutibu kwa mkono. Ukifika huko ukiwa bingwa, kundi lako litakuwa la maafisa wa kliniki na wauguzi wenyeji waliopita milipuko ya surua mingi kuliko wewe. Wapo mabingwa wanaoshindwa hapo, na si kwa kukosa elimu.

Hasara ya kungoja kila mtu anaijua ila husahau kuihesabu. Mpaka umalize MMed na mkataba wa kutumikia, umri umesogea. Mkopo wa HELB, ambao deni lake huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, huenda umekwisha, lakini umeingia wa SACCO wa kiwanja cha Mtwapa. Kliniki yako ya jioni ina wagonjwa wanaokutegemea, na mgonjwa wa kulipa akikukosa mara mbili hutafuta mwingine. Mama amezeeka. Wengi wanaosema "nitakwenda nikimaliza" husema kweli siku hiyo, halafu hawaendi. Kama nia yako ni ya aina inayopoa, ijue mapema.

Bila kuvuka mpaka

Najua swali lilikuwa la nje. Lakini Mkenya ana kitu ambacho mwenzake wa Leeds hana: kambi mbili kati ya zile kubwa zaidi duniani ziko nchini mwake. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Wazee wa Kisauni watakukumbusha kwamba hata sisi tulikuwa na yetu, Utange, miaka ile ya 1990, Pwani ilipojaa watu kutoka Somalia, wengine wao Wabarawa ambao lahaja yao inakaribiana na Kiswahili chetu. Huko Likoni nako, MSF walifanya kazi ya uzazi katika kituo cha Mrima, ng'ambo ya feri tu.

Kwa daktari aliye kati ya uanagenzi na ubingwa, nafasi ya Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, ambako MSF wameendesha hospitali kwa miaka mingi, inampa karibu kila kitu anachokitafuta nje: wodi ya utapiamlo, milipuko, uzazi wenye hatari, uhaba wa vifaa, ripoti zisizokwisha. Mkataba ni wa sheria za Kenya. Leseni yako ya KMPDC inatosha. Mapumziko huja kila baada ya wiki kadhaa, unapanda ndege, unakula biriani ya nyumbani Ijumaa. Na ukiwa umefanya kazi ndani ya shirika kama mwajiriwa wa nchini, kuhamia kwenye kundi la wanaotumwa nje huwa rahisi zaidi kuliko kuomba ukiwa hujulikani. Ofisi ya Nairobi huajiri watu wa kwenda nje pia, si lazima upitie Ulaya.

Tofauti ipo, tusifichane. Malipo ya mwajiriwa wa nchini na ya aliyetumwa kutoka nje hayafanani, na jambo hilo huwauma watu wanaokaa meza moja kila siku. Usalama nao haubadiliki kwa sababu uko Kenya. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa MSF kutoka Uhispania walitekwa nyara Dadaab na hawakuachiliwa mpaka Julai 2013. Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walichukuliwa Mandera wakielekea kazini. Ukimlinganishia mama yako Yemen na Dadaab ili akubali haraka, usimwambie kwamba ya pili ni kama Voi.

Kama hujawahi kukaa kambini hata wiki moja, mimi ningeanza na hii, halafu ndipo ningefikiria mpaka. Watu wengine hugundua kwamba wanapenda dawa na hawapendi kambi. Ni bora kuligundua hilo Garissa kuliko Bentiu ya Sudan Kusini, mkataba ukiwa na miezi minane mbele.

Yanayobaki kukata shauri

Lugha kwanza, maana huamua wapi utatumwa kuliko cheti chochote. Kiswahili chako kinafanya kazi Goma na Bukavu, na mgonjwa wa kule atakuelewa ingawa mtachekana lafudhi. Lakini mikutano, faili na simu za rufaa ni za Kifaransa, na ndivyo ilivyo Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Daktari wa Kiingereza na Kifaransa cha kuridhisha hangoji sana nafasi. Alliance Française ya hapa Mombasa inafundisha jioni. Kiarabu kingefaa Sudan na Yemen, ila cha madrasa, hata ukisoma msahafu bila kukwama, hakitoshi kumuuliza mtu kama maumivu yake yanahamia mgongoni. Kinahitaji kusomwa upya kama lugha ya kuzungumza.

Pili, karatasi. Leseni ya KMPDC huhuishwa kila mwaka na huhitaji alama za mafunzo endelevu, na alama hizo hazitakufuata kambini penye intaneti ya kusuasua. Zikusanye kabla hujaondoka. Omba pia cheti cha mwenendo mwema cha Baraza mapema. Chanjo ya homa ya manjano na ya ini usizifanye wiki ya safari.

Hatari ni ya tatu, na hii siioni ikilingana na umri wa kazi wala ubingwa. Hospitali ya MSF ya Kunduz, Afghanistan, ilipopigwa mabomu tarehe 3 Oktoba 2015, watu 42 waliuawa, madaktari, wauguzi na wagonjwa pamoja. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, iliyoua zaidi ya watu 11,000 kati ya 2014 na 2016, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa wingi. Una haki ya kukataa mahali fulani hata kama umeshakubali kazi, na shirika zuri halikulazimishi. Zungumza na nyumbani kabla ya mahojiano. Tiketi ikishatoka, mazungumzo hayo hugeuka kuwa taarifa.

Basi, ukiniuliza kwa mtu na mtu. MO wa miaka 2 au 3, hana ndoa au ndoa yake inakubali, ana kiti cha kaunti, hajui bado anataka ubingwa gani: Dagahaley au Kakuma mwaka mmoja, kisha nje miezi 9, kisha MMed. Huyo ndiye ninayemwona akinufaika kuliko wote, na mara nyingi hurudi akiwa ameshajua ni fani gani inamfaa. Anayejua tangu mwanzo kwamba ni mpasuaji au daktari wa nusukaputi: soma, maliza, nenda mara nyingi kwa muda mfupi. Aliye ndani ya MMed ya nyumbani kwa mshahara wa kaunti: kaa, fanya tasnifu ya kambini, subiri. Aliye ndani ya COSECSA na amepita mtihani wa kwanza: mwanya unao, zungumza na mkufunzi wako kuhusu daftari kwanza. Aliye Uingereza: omba kutoka kwa muda, na ombi lako litangulie safari kwa miezi 6 au zaidi.

Na kwa wote walioajiriwa na kaunti, mpangilio wa barua ndio huu. Andika ombi la likizo bila malipo kabla ya kuomba kazi ya shirika, ukitaja tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Lipitishe kwa mkuu wa idara yako, mganga mkuu wa hospitali, kisha idara ya afya ya kaunti. Kila inapofika, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana faili hupotea na watu huhamishwa. Jibu likichelewa, fuatilia kwa barua nyingine, si kwa simu. Usitie sahihi mkataba wa shirika lolote kabla ya kushika jibu hilo mkononi, na likija la kukataa, uliza kwa maandishi ni lini unaweza kuomba tena.